Bai Puti Lumanggal, Mama wa Wapiganaji wa Pande Mbili

Ndugu zangu, kwa niaba ya ukoo wa Lumanggal, naomba mnisikilize kabla hatujamzika shangazi yangu.

Marehemu Bai Puti alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 kijijini Dalikan, Maguindanao, kusini mwa Ufilipino, akasoma hadi darasa la nne, kisha Kurani, akawa mkulima wa mpunga na msusi wa mikeka. Mwaka 1969 aliolewa na marehemu Kamid, wakajaliwa wana wawili, Tahir, aliyejiunga na jeshi la serikali, na Musib, aliyeingia kambi ya wapiganaji wa Moro, Waislamu wenzetu waliodai kujitawala, mlimani juu ya kijiji.

Julai 2000, serikali ilipoamua kuivunja kambi ile, mizinga ilipangwa uwanja wa shule, majirani wakakimbia na nyati wao wa kulimia, lakini yeye alibaki, asijue amwombee nani ushindi. Mwishowe alikwenda uwanjani, akamkuta Tahir kando ya mzinga.

"Ina, mama yangu, nani kakuleta huku? Ondoka!"

"Mdogo wako yuko huko mnakolenga. Mnaanza saa ngapi?"

Tahir aliinamisha kichwa, akanong'ona, "Baada ya alasiri. Usiseme nimekwambia."

Shangazi alipanda mlima mbio mbio, akamkuta Musib akiwafunga majeruhi vidonda.

"Siwaachi hawa, Ina."

"Nani kasema uwaache? Shika machela huko, mimi nashika huku."

Walikuwa wakivuka kijito kombora lilipoanguka, majeruhi wao akapona, Musib akapoteza mguu wa kulia.

Tangu hapo ndugu hawa hawakusemezana, mama akawa mtu wa nyumba mbili, akihofu kufa kabla hawajapatana. Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua, akalazwa hospitalini Cotabato, kila mwana akimsubiri mwenzake atoke wodini ndipo aingie, hadi alipofariki jana, tarehe 2 Februari 2021, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Dalikan, na wasusi wenzake waliomwosha mwili.

Usiku kucha tulikuwa na wasiwasi nani ataingia kaburini kumpokea. Asubuhi hii Musib amesema ataingia, na kwa kuwa hawezi kushuka peke yake, Tahir atatangulia, amshike.

Lala sasa, Ina Puti, Mungu akupe amani.