Mama Nyongeza Alipopanga Foleni

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Mkuu wa Kitengo cha Bima za Magari, ambaye sote tunamwita Mama Nyongeza, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kampuni inampoteza mtu anayelijua gari la kila mteja mjini. Wateja kadhaa, kwa upande wao, wataanza kulala usingizi.

Alianzia mapokezi, akahamia ukaguzi wa madai, ambako aliingia uvunguni mwa magari na sketi yake ya kazi bila kuona haya. Ndiye aliyempokea yule mfanyabiashara wa mbao aliyekuja kudai fidia ya gari lililoibiwa. Alimsikiliza hadi mwisho, akamtilia chai, kisha akamwomba kwa upole akalisogeze hilo gari lililoibiwa, kwani lilikuwa limeziba njia hapo nje.

Jina lake alilipata baadaye. Mwaka aliopandishwa cheo alitunga kanuni kwamba dereva akifikisha miaka sitini, ada yake ya bima inapanda kwa theluthi moja. Hakuna aliyeuliza kwa nini sitini. Menejimenti ilipiga makofi. Wakati huo wote walikuwa vijana. Wazee mjini wakaja juu. Mwalimu mmoja mstaafu, mwenye gari dogo la bluu lisilo hata mchubuko, aliegemea kaunta akamwuliza, "Mwanangu, siku hizi uzee nao ni ajali?"

Mama Nyongeza akamwamkia vizuri, akamjibu, "Mwalimu wangu, si mimi, ni hesabu."

Mwezi Machi mwaka huu, yeye mwenyewe akatimiza sitini. Tulimkatia keki. Mchana uleule simu yake ikalia: ujumbe wa kampuni, ukimpongeza kwa siku ya kuzaliwa na kumjulisha ada yake mpya. Alidhani ni mzaha wa vijana wa kompyuta. Akashuka kaunta, akachukua namba ya foleni kama raia wengine, na zamu yake ilipofika akamkuta binti aliyemfundisha kazi kwa mikono yake.

"Shikamoo, mama," binti akasema, macho chini. "Ningekusaidia, lakini si mimi..."

"Najua," akamkatiza. "Ni hesabu."

Jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Mume wake haoni vizuri tena, na kila wiki yeye ndiye humpeleka kliniki. Kwa pensheni, na ada ile, gari lingebaki uani likifugiwa kuku. Akazunguka kampuni nyingine mjini kutafuta nafuu. Zote zilikuwa zimenakili kanuni yake, moja pamoja na makosa yake ya tahajia.

Aliporudi hakununa. Aliingia kikao cha menejimenti akawaeleza peupe: wazee hukwaruza malango yao wenyewe kwa mwendo wa konokono, wanaotutia hasara ni wanaoandika ujumbe huku wameshika usukani. Meneja Mkuu, kijana wa miaka thelathini na minane ambaye gari lake liko kwenye bampa ya tatu, akasema umri ni umri. Basi, Mama Nyongeza akasema, wapimwe wazee kwa jaribio la udereva, na Meneja Mkuu awaonyeshe mfano. Mbele za watu wote wale, angekataaje?

Kabla ya siku ya jaribio alikwenda nyumbani kwa mwalimu, akamwambia bila kuzunguka, "Nilikukosea." Mwalimu akajibu kwamba amemsamehe, isipokuwa ile ada ya mwaka jana.

Jumamosi ikafika, koni zikapangwa kiwanja cha nyuma. Mwalimu alipita katikati yake kama anayepiga mstari ubaoni kwa rula. Mama Nyongeza naye akapita. Dereva mmoja wa zamani wa malori alishindwa kipimo cha macho. Alimkabidhi binti yake funguo, na Mama Nyongeza akamshika mkono hadi kiti cha abiria. Meneja Mkuu aliangusha koni nne. Ya tano aliondoka nayo chini ya gari.

Kanuni ikabadilishwa. Kuanzia tarehe 1 Julai, atakayefaulu jaribio atapata punguzo, awe na umri wowote. Bima ya Mama Nyongeza ilikwisha wiki mbili kabla, kwa hiyo amelipa nyongeza yote, mteja wetu wa mwisho kuilipa. Binti wa kaunta alitaka kumsogezea tarehe mbele kidogo. Alimkatalia, akadai risiti yake, akaisoma yote, akamwonyesha kosa la tahajia.

Mama, ahsante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutufundisha upya ulipotuona tumeizoea vibaya. Mungu akupe afya, safari njema za kliniki na nyingine zisizo za kliniki, na barabara isiyo na mameneja.

Tangazo kwa wafanyakazi: wazee waliokuja kumuaga mstaafu wamewahi na wameegesha mbele ya jengo, magari yote yamenyooka. Sisi tuegeshe nyuma, na tafadhali, taratibu.