Ladha Ikiisha, Geuza Pikipiki

Kijiwe chetu kipo Bilele, hapa Bukoba mjini. Ni benchi moja la ubao wa mkaratusi lililoegemea ukuta, na mbele yake jiko la Ma Gaudiosa, mwenye birika la kahawa na kikapu cha amwani, zile kahawa za kutafuna ambazo kwetu mgeni hapiti bila kupewa. Benchi linabeba watu wanne na shahada moja. Shahada ni yangu, ya Uchumi, upper second, na huu ni mwaka wa sita inalala kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha ubatizo. Ndiyo maana wananiita GPA. Wengine ni Mzee Mwijage, aliyeshika kamba ya kupimia barabara miaka thelathini na bado anaitazama dunia kama kazi ya mkandarasi mbovu. Elikana, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi. Na Privatus wa bodaboda, ambaye jina lake la kijiweni ni Full Tank, kwa kuwa hajawahi kuwa nayo. Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, akaja Joyness, mpwa wa Mzee Mwijage, anayekaa kwake kule Kibeta na kusoma ugavi chuo, mwaka wa pili.

— Shikamoo mjomba. Shikamooni wote.

Tukaitikia marahaba. Hata mimi. Ndicho cheo pekee nilichopata tangu nimalize chuo.

Joyness: Mjomba, yule Limbu wa dagaa amenipa kazi. Jumamosi na Jumapili tu. Kupokea simu za wateja wake, Kihaya, Kiswahili na English. Ila nifike leo kabla ya saa sita. Nisipofika anampa mwingine.

Mwijage: Duka lake liko wapi?

Joyness: Muleba mjini.

Mzee akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyekuta nzi ndani.

Mwijage: Muleba.

Joyness: Nataka laptop, mjomba. Assignment naandikia kwenye simu, na kioo kimepasuka mpaka nusu ya maneno nayakisia.

Mwijage: Mwanangu, mwanafunzi hafanyi kazi mahali ambapo mama yake akimwita hasikii.

Mimi: Mama yake yuko Karagwe, mzee. Kwa kipimo hicho hata hapa hatakiwi kuwepo.

Wakili: Sheria iko wazi. Mwanafunzi asivuke kata mbili.

Mimi: Sheria namba ngapi?

Wakili: Namba bado haijatoka.

Full Tank: Acheni sheria. Umbali ni mafuta. Mwanafunzi aende mwendo wa lita moja, basi.

Gaudiosa: Wewe lita moja umewahi kuiona?

Full Tank: Mwenda pole hajikwai, Ma Gaudiosa.

Gaudiosa: Atajikwaaje na pikipiki anaisukuma?

Mwijage: Tatizo si mafuta. Tatizo ni kichwa. Kichwa cha mwanafunzi ni ndoo iliyojaa pomoni. Ukiibeba mwendo mrefu, alichosoma Ijumaa chote kinamwagika njiani. Akifika Muleba amebaki na jina lake tu.

Joyness: Barabara ina lami, mjomba.

Mwijage: Na matuta je?

Wakili: Na ushahidi upo. Kemondo nimeona mbuzi wanatazama kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara. Akili hiyo wameitoa wapi kama si kwa wanafunzi?

Mimi: With all due respect, Wakili, hao mbuzi wana akili kuliko hili benchi.

Joyness: Ni saa tatu na nusu sasa.

Hakuna aliyemsikia. Wakili alikuwa ameshapanda jukwaani.

Wakili: Tutazame mbele. Wa Bukoba akifanya kazi Muleba, kesho wa Muleba atakuja kufanya kazi Bukoba. Watapishana Muhutwe kila Jumamosi. Watasalimiana, watazoeana, wataoana, watajenga pale pale katikati. Sasa Bukoba haina mtu, Muleba haina mtu, Muhutwe wamebanana kama senene kwenye gunia. Nani wa kulaumiwa?

Full Tank: Limbu.

Mwijage: Na wahenga walionya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumamosi, Jumapili. Jumatatu Limbu anampa jembe. Chuo kimeishia hapo.

Joyness: Limbu hana shamba, mjomba. Ana dagaa.

Mwijage: Basi atampa kasia. Ni mbaya zaidi.

Full Tank: Ila mtaka cha uvunguni sharti ainame. Tazameni ramani, Muleba iko chini yetu.

Hapo nikachemka.

Mimi: Wazee wangu, naomba niseme kama mtu aliyesoma. CV yangu imefika Dodoma, imefika Mtwara, Arusha imekwenda mara mbili. Mimi nimefika hapa. Leo mnapanga umbali wa kazi, nyie ambao kutoka hapo mlipokaa mpaka chooni mnapumzika njiani. This girl has an actual job. Mwacheni aende.

Mwijage: GPA, aliyekosa hamwelekezi aliyepata.

Mimi: Hiyo si methali.

Mwijage: Kuanzia leo ni methali.

 Joyness alikuwa anatazama saa ya simu kupitia nyufa za kioo. Ma Gaudiosa akamwona. Akapuliza mkaa, akauliza kama mtu asiyetaka jibu:

— Mzee Mwijage, wewe si mtu wa vipimo? Hivi zamani, kabla ya hiyo kamba yako, watu walipimaje safari?

Mzee akavimba. Muulize mzee swali lenye neno zamani, umemfungulia geti.

Mwijage: Kwa amwani, waitu. Mtu akitoka nyumbani anatia punje mdomoni. Ladha inapoishia, hapo ndipo mpaka wa safari ya kawaida. Zaidi ya hapo, unaaga.

Najua aliitunga pale pale, maana alipofika kwenye "zaidi ya hapo" alitazama juu kutafuta mwisho wa sentensi. Lakini Wakili alishaipokea.

Wakili: Kisheria kinakubalika. Ila kila mdomo na meno yake. Lazima atafune mhusika mwenyewe.

Full Tank: Mimi naenda Muleba sasa hivi, napeleka tairi la mtu. Mwenye tairi ameniwekea mafuta. Tanki limejaa.

Benchi zima likainuka kwenda kuangalia geji. Ilikuwa kweli. Wakili akavua kofia.

Mwijage: Haya. Joyness akae nyuma, atafune. Ladha ikiisha, geuza pikipiki, hata kama ni kwenye daraja la Kanoni.

Full Tank: Na tairi la watu?

Mwijage: Tairi linajua kubingirika. Na kama wakifika Muleba ladha bado ipo, kazi ni yake. Nimesema.

Ma Gaudiosa akamwita Joyness kando ya kikapu. Walichukua muda mrefu kuliko punje moja inavyohitaji. Joyness akapanda, tairi begani kama mkoba, shavu moja limevimba kidogo.

Mzee aliweka simu yake katikati ya benchi, sauti ya nje. Wa kwanza kubashiri alikuwa Wakili, akasema ladha itaishia Kyetema. Simu ikaita.

Joyness: Mjomba, tuko Kemondo. Bado chungu.

Mwijage: Kemondo? Unasema kweli?

Joyness: Chungu kabisa, mjomba.

Wakili: Hiyo punje imetoka shamba gani?

Gaudiosa: Kahawa ni kahawa.

Simu ya pili ilitoka Muhutwe, na sauti ilikuwa nzito.

Wakili: Mbona unaongea kama mdomo umejaa?

Joyness: Ni upepo.

Nilimtazama Ma Gaudiosa. Akawa anaosha kikombe kisafi. Mzee Mwijage yeye alishabadili upande. Sasa alikuwa anajivuna kana kwamba ile punje ameizaa.

Mwijage: Mnaona? Kahawa ya Kagera hiyo. Wazungu wanaisaga bure.

Saa tano na dakika arobaini simu ikaita mara ya mwisho.

Joyness: Nimefika, mjomba. Ladha ipo. Limbu anakusalimia. Subiri kidogo... haloo, dagaa wa Bumbile hapa, good morning. Mjomba, nina mteja.

Ikakatika. Mzee alibaki ameishikilia kifuani.

Mwijage: Kipimo cha wazee hakidanganyi.

Ndipo akatokea mgeni, mwanaume wa makamo mwenye begi, akaomba nafasi akakaa pembeni. Kwa desturi, kabla ya jina lake, apewe amwani. Mzee akamwashiria Ma Gaudiosa. Ma Gaudiosa akainamisha kikapu. Likadondoka jani moja la mgomba.

Mgeni: Amwani zimekwisha mchana huu?

Gaudiosa: Zimekwenda kazini Muleba.

Mzee Mwijage alitazama kikapu, akatazama simu. Miaka thelathini ya kupima ilipita usoni mwake kwa zamu. Amri ilikuwa yake mwenyewe.

Mgeni: Hamna neno. Na nyie, mnaelekea wapi?

Lilikuwa swali la kawaida tu, la mtu anayetafuta maongezi. Wakili akafungua mdomo, namba haikutoka. Mzee akatafuta methali. Mimi nilitazama viatu vyangu vya interview, ambavyo navaa kijiweni ili visikauke.

Ma Gaudiosa akachokoa pindo la kanga, akatoa punje moja iliyobaki. Mgeni akanyoosha mkono. Punje ikapita mbele ya mkono wake, ikaja kwangu.

— Mgeni atanisamehe, alisema. Wewe tafuna, uinuke.

Nikainuka. Ladha iliisha kabla sijafika duka la tatu. Miaka sita ya kukaa inaharibu hata mate. Lakini kipimo ni kipimo, na zaidi ya hapo mtu anaaga. Nikageuka kuwaaga. Mgeni alikuwa ameshahamia mahali pangu.