Mama Meza: Naibu Mkuu Aliyeaminiwa na Wazazi

Tarehe thelathini na moja mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, naibu mkuu wa shule yetu ya kimataifa anastaafu. Wengi wetu tulimkuta hapa. Baadhi ya walimu wa sasa aliwafundisha yeye mwenyewe kujumlisha na kutoa, na mpaka leo huwaita kwa majina yao ya utotoni mbele ya wanafunzi wao. Hawajapata kulizoea jambo hilo.

Alianza kama mwalimu wa hisabati wa madarasa ya chini. Hakuwa mtu wa makeke: sauti ya kawaida, viatu vya kisigino kifupi, na gari dogo aliloliendesha polepole kiasi kwamba waenda kwa miguu walimpungia mkono wakimpita. Ila mzazi aliyeingia darasani kwake amekunja uso alitoka ameukunjua.

Alipopanda cheo na kuwa naibu mkuu, amri yake ya kwanza ilihusu samani. Ofisi ile ilikuwa na dawati pana kama kitanda, na mbele yake viti viwili vifupi ambavyo mzazi akivikalia, magoti yalimfika kidevuni. Alisema hapo mtu hata akiitwa apongezwe atajiona mshtakiwa. Dawati likaenda stoo, ikaletwa meza ya mviringo kama ya jikoni, na viti vya kimo kimoja. Ndipo akaitwa Mama Meza. Wasiojua asili ya jina walidhani ni kwa vile anajua kumeza maneno machungu, nao hawakukosea sana.

Familia zetu zimetoka pande nyingi za dunia, naye alijitahidi kujifunza salamu ya kila moja. Asubuhi moja alimwamkia babu wa mwanafunzi kwa lugha ya huyo babu, akateleza kwenye silabi moja, kumbe amemwita kitunguu. Babu alicheka hadi akashika ukuta. Tangu hapo kila alipokuja kumchukua mjukuu alipitia ofisini kwanza: "Kitunguu mwenzangu, hujambo?"

Lakini tunachomstahia si vichekesho. Ni alichokifanya siku ya basi.

Ni miaka kadhaa imepita. Mtoto wa chekechea alipitiwa na usingizi kwenye kiti cha nyuma cha basi la shule. Wenzake wakashuka, mlango ukafungwa, basi likaegeshwa nyuma ya ukumbi. Darasani, mwalimu alidhani mtoto anaumwa nyumbani. Karibu na mapumziko dereva alirudi kuchukua koti lake, akasikia kilio. Mtoto alikuwa amelowa jasho na machozi, lakini mzima. Muuguzi wa shule alimpima, akamnywesha maji, na baada ya muda mwenyewe akaomba aende kucheza.

Mimi nilikuwa mwalimu wa zamu, kwa hiyo nilikuwemo viongozi walipokutana. Mkuu wa shule wa wakati huo, mtu mwema ila mwenye hofu, alitaka wazazi waambiwe kwamba mtoto alichelewa kuingia darasani. Alisema huo si uongo hasa. Mama Meza alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Mama yake atasikia kutoka kwetu, tena sasa hivi."

Akachukua ufunguo wa gari. Kwa mara ya kwanza tulimwona akiendesha kwa kasi.

Mama wa mtoto ni mfamasia. Mama Meza alimkuta kazini, akamwambia yote, bila kuweka "lakini" hata moja. Kisha akamwomba mkuu awaite wazazi wote, na yeye ndiye aliyesimama mbele yao ukumbini.

"Tulimsahau mtoto ndani ya basi," alianza. "Hatukuwahesabu waliposhuka, wala hatukupiga simu tulipomkosa darasani. Kosa ni letu, na msimamizi wa mabasi ni mimi."

Ukumbi ulilipuka. Baba mmoja alimwambia hafai kukabidhiwa hata kuku. Hakujitetea. Alijibu kila swali, na asilolijua alisema halijui, akaahidi jibu, na jibu likaja. Sisi walimu tuliokaa nyuma tulishindwa kuinua nyuso. Hapo mfamasia akasimama, na kelele zikakatika.

"Mimi sijasamehe," alisema, "na sijui nitasamehe lini. Lakini kesho mwanangu atapanda basi. Nimesomesha watoto kwingine kabla ya hapa, na hii ndiyo shule ya kwanza iliyonitafuta kuniambia kosa lake."



Familia chache zilihama, naye alizisindikiza kwa heshima. Waliobaki walikaa naye kwenye meza ile wakapanga upya usafiri wa watoto, mwenyekiti wao akiwa mfamasia. Ndiyo maana leo hakuna dereva anayefunga basi kabla ya kutembea hadi kiti cha mwisho. Wanawake hao wawili sasa ni marafiki wa kutembeleana. Juzi nilimuuliza mfamasia alisamehe lini. Alicheka, akasema hata hakumbuki.

Mwezi uliopita tuliwapa wanafunzi wa darasa la juu alama za mtihani zisizo zao. Mama Meza alipanda ngazi kwenda kumshauri mkuu wa idara, mwalimu aliyejiunga nasi mwaka jana tu. Alimkuta simu sikioni. "Tumekosea," mwalimu alikuwa akimwambia mzazi, "na nimeona nikupigie kabla hujasikia kwingine." Mama Meza hakuingia. Alirudisha mlango taratibu, akashuka akifuta miwani.

Mama yetu, asante. Nenda ukawafaidi wajukuu, na mzee wako aliyekula chakula cha jioni kilichopoa miaka yote hii akikungoja. Lala hadi jua likuchoke. Tunakuombea afya tele na umri mrefu, na kila utakapopiga hodi, ufunguliwe kwa furaha.