Sakafu Mpya ya Depo ya Kibabi na Mama Aliyeing'arisha

Risala ya wanachama wa Koperative Tuinuane ya Kibabi, wakulima wa maharagwe na mihogo, kwa Mkurugenzi wa Mradi wa Maghala Bora, siku ya kuzindua sakafu ya epoksi. Inasomwa na katibu wa koperative, Vestine Umwali.

KARIBU, NA POLE KWA SURUALI

Mgeni rasmi, Papa Mkurugenzi, na ninyi nyote mliotoka naye Goma: karibuni Kibabi. Tumesikia kwamba magari yenu yalikwama kule chini na kwamba mlishuka mkasukuma kwa mikono yenu wenyewe. Tumefurahi sana. Si kwa sababu mlichafuka, hapana, ila barabara yetu haina tabia ya kujionyesha kwa wakubwa, na leo imewaheshimu.

Rais wa koperative yetu, Papa Kanyamibwa, ametuomba risala iwe fupi na isitaje sakafu. Kwa upande wa ufupi tutamtii kadiri tutakavyoweza.

Papa Mkurugenzi, kabla hatujaendelea tuna ombi dogo la usalama. Tafadhali usisogeze kiti chako. Zulia hilo jekundu hatukulitandika kwa heshima peke yake. Kiti kiko mahali pazuri, na ukibaki hapo hapo sherehe yetu itakwenda vizuri sana.

HISTORIA YA DEPO

Depo hii ilijengwa zamani za wazungu wa mashamba, na sakafu yake ya simenti ni ya tangu enzi hizo. Baba zetu waliikuta, sisi tukairithi, na kwa miaka mingi maharagwe yetu yamepita hapa kwenda sokoni, mengine mpaka Walikale, kule Omate, kuwashibisha wachimba madini. Wamama huyamwaga chini, huketi pembeni na kuyachambua kwa mkono. Kwa hiyo sakafu kwetu si mahali pa kukanyaga tu. Ni meza ya kazi.

Aliyeilinda meza hiyo ni Mama Mukandayisenga, mjane, mwenye ufunguo wa depo tangu mume wake alipofariki. Kila mara kabla ya maharagwe mapya kuingia, Mama huyu huenda parokiani kuomba mabaki ya mishumaa ya altare. Huyayeyusha kwenye kopo pamoja na petroli ya taa, huipaka sakafu nzima kwa kitambaa, kisha huisugua kwa blanketi kuukuu alilolikunja chini ya mguu mpaka simenti ing'ae. Hakufundishwa na mradi wowote, masikini. Ndivyo alivyomwona mama mkwe wake akifanya. Vumbi halikushika maharagwe, na wanunuzi wa Walikale walikuwa wakiingiza mkono kwenye rundo na kuutoa safi, bila vumbi. Mama Mukandayisenga alikuwa akisimama mlangoni akijifanya hajaona, lakini siku hizo hata sauti yake ya kusalimia ilibadilika.

MAFANIKIO

Ndipo mradi wako ukatukumbuka. Tuliambiwa kwamba simenti ya wazee imepitwa na wakati, na kwamba tutaletewa epoksi: dawa nzito ya aina mbili zinazochanganywa, ikimwagwa na kukauka inakuwa ngumu, haipenywi na maji wala panya. Tulipiga makofi. Sisi hupiga makofi mapema, ndiyo desturi yetu.

Ujumbe uliotumwa kutoka ofisini ulisema jambo moja tu: sakafu iwe safi na tayari kuipokea kazi. Mama Mukandayisenga aliupokea kama mwanamke yeyote wa milima hii anayeambiwa kwamba wageni wanakuja. Aliomba parokiani mishumaa yote, hata ule mnene wa Pasaka iliyopita. Aliipaka sakafu mara mbili. Aliisugua mpaka goti likavimba, na jirani alipomwambia apumzike, alijibu kwamba atapumzika wageni wakishaona. Alikuwa na furaha, Papa Mkurugenzi. Tulimwona.

Injeniya wenu alifika asubuhi na mashine ya kukwangua sakafu, mashine nzuri, ingali imefungwa plastiki yake. Alikanyaga kizingiti akateleza. Akainuka, akajipangusa, akalaumu viatu. Alipiga hatua akateleza tena, akawalaumu waliotengeneza viatu. Kuuliza kwa nini simenti ya wazee inateleza hivyo, hilo halikumjia, na hatumlaumu, kwa sababu mtu aliyesoma hana muda wa kuuliza kila kitu.

Badala yake aliinama, akajiona uso kwenye simenti, akamgeukia Mama na kumwambia: "Mama, hii iko propre, safi kabisa. Hapa hakuna cha kukwangua."

Mama akainamisha kichwa kwa haya. Jenereta haikuwashwa, mashine haikushuka garini, na epoksi ikamwagwa juu ya nta. Ilipokauka ilipendeza mno. Picha zilipigwa, na tunasikia zimefika mbali kuliko maharagwe yetu.

Mafanikio mengine ni haya. Panya wamehama, kwa sababu depo haina cha kula. Mlango ulifungwa kungoja uzinduzi wa leo. Tena tumepata elimu: sasa hata mtoto wa Kibabi anajua kwamba epoksi haishiki juu ya nta, na kwamba ndiyo maana mashine ya kukwangua ilitengenezwa.

CHANGAMOTO

Changamoto ni moja, nayo umeikalia.

Tulipoingiza gunia la kwanza la kujaribu, tulilivuta kidogo tu, na sakafu ikaja nalo. Ilibanduka kipande kizima, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Tukavuta pengine, ikaja tena. Kipande kimoja kimeziba tundu kwenye banda la mbuzi na kinafanya kazi nzuri sana, tunaupongeza mradi. Vingine tumevirudisha mahali pake kwa ajili yako, tukaweka juu yake vyungu vya maua na viti vya wakubwa.

Injeniya aliitwa, akaja, akatazama, akanusa nta. Aliitisha mkutano hapa hapa mlangoni. Alitumia maneno mengi ya Kifaransa, kisha akamnyooshea kidole mjane mbele ya watu wote: "Mimi nilifanya kazi yangu. Ule mama njo aliua sakafu."

Mama Mukandayisenga hakujitetea. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Nilitaka bageni basitukute na buchafu," akamkabidhi Papa Kanyamibwa ufunguo na kwenda nyumbani.

Tangu siku hiyo amekuwa mtu mwingine. Siku depo ilipofunguliwa kupangwa viti, tulimkuta kwenye kona iliyobanduka, peke yake, amepiga magoti, anakwangua nta kwa kisu cha jikoni na maji ya moto yenye majivu, mpaka vidole vikatoka malengelenge. Tulimwinua kwa nguvu. Misa haendi tena, maana moyoni amejihukumu kwamba aliichukua mishumaa ya Mungu akawaharibia watu. Akituona njiani hupita nyuma ya migomba. Anadhani tukimtazama tunahesabu magunia ya maharagwe yanayochipua chini ya vitanda vyetu, kwenye unyevu, kwa ajili yake. Sisi hatuhesabu. Lakini tumemwambia hivyo, naye haamini. Sisi si wataalamu.

Jana vijana wenu wa protokole walipita. Walimwambia Papa Kanyamibwa kwamba ingefaa yule mama asionekane leo, kusudi wageni wasiulize maswali. Papa Kanyamibwa alimfikishia ujumbe huo akiwa ameshika kofia mkononi. Mama alimshukuru kwa kuja.

MAOMBI

Kwanza, ile mashine. Tumeiona leo tena kwenye gari lenu, ingali ndani ya plastiki, imesukumwa kwenye matope pamoja nanyi. Imesafiri vya kutosha. Tunaomba safari hii ishuke ifanye kazi.

Pili, mpaka hapo turuhusuni kuingiza maharagwe juu ya simenti yetu ya kizamani, kabla mvua haijayamaliza.

La tatu ndilo lililotufanya tumkatalie Papa Kanyamibwa, naye hapa mnamwona anatazama dari. Papa Mkurugenzi, nyumba ya Mama Mukandayisenga ni ile yenye mlango wa buluu, nyuma ya parokia. Si mbali, hata kwa viatu hivyo. Tulipita asubuhi tukamwona kwa dirisha: amevaa kitenge chake cha Pasaka, amejifunga kilemba, ameketi mikono magotini. Hakuna aliyemwita. Amevaa hivyo hivyo tu.

Hatuombi debe jingine la epoksi. Tunaomba utume mtu amwite, au uende mwenyewe, na umwambie mbele yetu sisi na mbele ya injeniya wako kwamba kosa halikuwa lake. Kutoka kwetu hakubali. Kwako wewe mwenye sakafu atakubali.

Kwenye ratiba uliyopewa, baada ya risala hii kuna wimbo wa kukushukuru, na baada ya wimbo kuna chakula. Maharagwe yameiva, mbuzi ameiva, tunajua umetoka mbali na una njaa. Ila katika koperative hii anayeanzisha wimbo ni mtu mmoja, ni Mama huyo, na sisi wengine huwa tunaitikia tu. Kwa hiyo tumesimama hapa, tumejipanga, tunangoja.

Mungu aliyekupitisha kwenye matope akurudishe salama kwa watoto wako, na akupe miguu ya kufika kwanza nyuma ya parokia.

Ni sisi wanachama wa Koperative Tuinuane ya Kibabi, Masisi.