Kilio cha Amani Kilichochelewa

Bwana apewe sifa, kanisa! Nanyi wa viti vya nyuma, mpeni sifa!

Ndugu zangu, mnanijua, mimi ni Mama Amani wa mtaa wa Doonside. Mwanangu Amani alipigwa risasi na polisi, akafa. Hakuwa na silaha. Alikuwa kijana mrefu, mweusi, anakimbia, wakaona hatari. Na ninyi hamkuja! Tulitoka Kongo na woga wetu. Kule, aliyeuawa na askari huliliwa kimya, mlango umefungwa, wasije wakakufuata nawe. Woga huo mkauleta mpaka Sydney. Mliniachia wali mlangoni mkaondoka mbio. Hamkukaa matanga. Hakuna mama aliyelala chini nami hata usiku mmoja.

Kisha polisi wakamuua Yosua, mtoto wa jirani yangu, vilevile, mikono mitupu. Lo! Safari hii watoto wetu waliokulia hapa walikataa kunyamaza. Barabara ilijaa waandamanaji! Waaborijini, wenyeji asilia wa nchi hii, walitangulia mbele, maana wao wamezika wengi kabla yetu. Nyumbani kwa Mama Yosua magodoro yalitandikwa ukuta hadi ukuta, masufuria yanachemka uani. Mimi nilisimama dirishani kwangu nikaona wivu, ndugu zangu, wivu mkali! Kumwonea wivu mwanamke aliyefiwa! Nikasema, Bwana, damu ya wangu ilikuwa maji?

Binti yangu akanivuta mkono, akifoka kwa Kiingereza chake kwamba twende. Nilikwenda nimenuna. Nikakaa karibu na mlango, penye viatu vya watu. Mama Yosua akaniona, akawasogeza wamama waliomzunguka.

"Mama Amani, kuja hapa. Hawa wote wananipa pole, lakini wewe ndiye unajua."

Nikaketi naye godoroni. Akawageukia wanawake.

"Huyu hamukumulilia mtoto wake. Mulie naye kwanza."

Kwanza! Kabla ya Yosua! Wakalia, kanisa, wakalia kwa sauti wakiita Amani, Amani, mpaka majirani Wazungu wakatoka nje kutazama. Haleluya! Nami nikamwita mwanangu kwa sauti, mlango wazi! Sitawadanganya, wivu bado hunichungulia nikiona sura ya Yosua kwenye fulana za vijana. Unachungulia tu, haunitawali tena. Maandamano yaliyofuata nilibeba picha ya wangu kando ya mama yule, bega kwa bega.

Asante Yesu, uliyeuawa na askari mchana kweupe, na mama yako akitazama! Wewe unatujua.

Kikao cha kuchunguza kifo cha Amani kilipita, na kwenye viti vya mahakama hapakuwa na mtu wetu hata mmoja. Tulikuwa mimi na binti yangu tu. Cha Yosua kinaanza Alhamisi, mjini. Mtumainini Bwana, ndugu zangu, kisha pandeni treni.