Neville Oldroyd na Kituo Kisichokuwepo

Ijumaa tarehe 27 Juni, Neville Oldroyd atakabidhi basi lake hapa gereji ya Skelby, baada ya miaka arobaini na mitatu ya kuendesha njia namba 74, Skelby hadi Cragthorpe na kurudi. Ameomba kusiwe na hotuba. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Neville alianza kazi akiwa kijana mwembamba mwenye masharubu ambayo, kwa maoni ya wenzake, yalihitaji msaada. Ni mtu wa chai nzito, maneno machache na ubishi mwingi, na hajawahi kukubali kwamba timu yake ya kriketi ilishindwa kihalali. Yeye ndiye aliyenifundisha njia hiyo. Siku ya kwanza nilikwaruza ukuta wa kanisa. Alishuka, akaukagua, akarudi na kuniambia, "Usijali, Janice. Ukuta uko hapo miaka mia nne, wewe ndiye mgeni."

Nchi nzima inamjua bila kujua kwamba inamjua. Yumo katika "Tangulia Wewe", sehemu inayopendwa kuliko zote za vichekesho vya *Ukuta Mmoja*, ile inayorushwa kila Krismasi baada ya mlo, watu wakiwa wamelegeza mikanda. Bwana Pym na Bwana Garside, majirani wanaochukiana kwa sababu ya ua wa michongoma, wanakutana kwenye kituo cha basi, kila mmoja akienda kwa wakili kumshtaki mwenzake. Basi linafika, na kila mmoja anamsihi mwenzake apande kwanza.

Watu wa televisheni walikuwa wamesimika nguzo ya bandia ya kituo cha basi Cragthorpe ya Chini, mahali ambapo basi lilipita bila kusimama na wakazi walilazimika kupanda kilima hadi kanisani. Asubuhi wakazi waliiona nguzo. Hakuna aliyeuliza kitu. Walipanga foleni nyuma ya waigizaji wawili, wa kwanza wao akiwa Doreen Thwaite na mtoto wake kwenye kigari. Mwongozaji akaona bahati imemjia, akaacha kamera ziendelee. Basi la kuigizia lilikuwa halijafika. Likatokea la Neville, la kweli. Aliona foleni, akasimama. Hakuwa na televisheni nyumbani na hakumjua mwigizaji yeyote.

"Waungwana, mmoja wenu apande, au nendeni mkanywe chai. Nina watu wananingoja Skelby."

"Bwana huyu atangulie," akasema Pym.

"Siwezi kumvunjia heshima," akajibu Garside.

"Basi bakini na heshima zenu," akasema Neville, akafunga mlango na kuondoka. Foleni nzima ilibaki pale pale, kwa sababu kwetu humpiti aliye mbele yako hata kama amerukwa na akili.

Vijana huniuliza kwa nini sehemu hiyo bado inachekesha. Nadhani ni kwa kuwa haimdhihaki mtu yeyote isipokuwa sisi wenyewe, na inatudhihaki kwa upendo. Wawili wale wako tayari kufilisiana mahakamani, lakini hakuna anayethubutu kukosa adabu mlangoni pa basi. Na wale walio nyuma yao hawaigizi. Mama yangu aliitazama hospitalini wiki yake ya mwisho, akacheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Naipenda kwa hilo.

Jioni ile nguzo iling'olewa. Kesho yake foleni ilikuwa pale pale, na Neville akasimama. Hajaacha kusimama pale hadi leo, ingawa mameneja watatu kwa zamu zao walimkaripia.

Mwezi Machi tukaambiwa na halmashauri kwamba Neville akistaafu, njia 74 nayo itafutwa. Abiria walikuwa wamehesabiwa kwenye vituo rasmi tu, na Cragthorpe ya Chini haikuwa na kituo, kwa hiyo kwa hesabu zao haikuwa na abiria. Doreen, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, husafishwa damu katika hospitali ya Skelby mara tatu kwa wiki. Alikwishaanza kuzungumzia kuuza nyumba yake. Neville aliisumbua halmashauri kwa simu mpaka wakamtuma ofisa wao, Bi Nasreen Mirza, aje kujionea.

Siku hiyo nilipanda basi la Neville makusudi. Tulipofika Cragthorpe ya Chini tulimkuta Bi Nasreen kando ya ukuta mtupu, ameshajiunga na foleni. Doreen, aliyekuwa mbele yake, akageuka.

"Tangulia, binti. Wewe ni mgeni wetu."

"Hapana, mama, mimi nimekukuta."

"Miguu yangu mizito, nitakuchelewesha. Panda tu."

"Nitasubiri, mama. Siwezi kukupita."

Foleni nzima ilikuwa inatetemeka kwa kicheko. Neville alikuwa ameinamia usukani. Bi Nasreen akatutazama, akautazama ule ukuta mtupu, akashika kichwa.

"Jamani," akasema, "nimepanga foleni kwenye kituo nilichokuja kuandika kwamba hakipo."

"Karibu Cragthorpe," akasema Neville. "Sasa mmoja wenu apande, tafadhali."

Mwezi Mei uamuzi ulitoka: njia 74 inabaki, na Cragthorpe ya Chini inapata nguzo ya kweli. Doreen hauzi nyumba.

Kuna jambo ambalo Neville alinikataza kulisema kabla ya uamuzi huo. Mke wake, Glenys, yuko katika nyumba ya kutunzia wagonjwa hapa Skelby tangu alipopatwa na kiharusi. Kila mapumziko ya mchana Neville huenda kumlisha. Nyumbani kwake ni Cragthorpe ya Chini, na gari hana, hajawahi kuwa nalo. Kama njia ingefutwa, naye akiwa amestaafu, asingekuwa na namna ya kumfikia kila siku. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Bi Nasreen.

"Ningesema hivyo, wangedhani napigania la kwangu," akanijibu. "Doreen angesahauliwa."

Neville, gereji nzima inakushukuru, na inakuombea siku nyingi zenye afya na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na kengele. Jumatatu nitakuwa mimi kwenye usukani. Nitasimama penye nguzo mpya na kukufungulia mlango. Panda, keti kiti cha mbele, niachie mimi barabara. Glenys anakusubiri.