Mshipa Ni Wangu Mwenyewe

Wanaoitikia salamu ya Kiislamu, asalaam aleikum. Wengine, mugonile. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha wagonjwa wa moyo na presha ameniomba niseme maneno ya kuwatia moyo wenzangu. Nitajaribu, ila asinilaumu yakitoka machungu. Simtaji mtu. Wengine mnajijua, na mmekaa hapo mbele.

Mnanijua kwa kisu. Nimechinja hapa Tukuyu tangu ujana wangu, na miaka ile ya ruksa, kila mwenye uwezo alipofungua bucha lake, niliitwa mpaka Kawetele na Masukulu. Watu walisema mkono wangu ni mwepesi, mnyama hateseki. Sikuwa na heshima nyingine zaidi ya hiyo. Halafu kifua kikaanza kunibana, nikawa siwezi kupanda kutoka machinjioni bila kusimama mara tatu. Madaktari wa Mbeya wakasema mishipa inayolisha moyo imeziba. Kaka yangu aliyekuwa na biashara Dar es Salaam akanipeleka India.

Huko nilimkuta muuguzi wa Kihindi aliyekulia Tanga, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Ndiye aliyenieleza. Watanichana mguu wa kushoto kuanzia kifundoni mpaka pajani, watoe mshipa, waushone kwenye moyo ili damu ipite pembeni ya palipoziba. Hawauvuti, maana ukivutwa unaharibika. Wanaulegeza polepole, na vitawi vyake wanavifunga kwa uzi kimoja kimoja. Kisha wanaugeuza, ncha ya chini inakuwa ya juu, kwa sababu ndani una vilango vinavyopitisha damu upande mmoja tu. Nimeshika mishipa maisha yangu yote, na vilango hivyo sikuwahi kuviona! Nilijiona mjinga, nikacheka.

Ndugu zangu, nawaambia, kisu cha daktari hakikuniangusha. Niliangushwa na mdomo wangu. Kitanda cha jirani alilala mzee aliyewekewa kilango cha moyo kilichotoka kwa nguruwe. Niliporudi, mkaja kunipa pole, nikawasimulia kama kichekesho. Tulicheka wote, chai ikanyweka. Mwezi haukuisha, yule nguruwe alikuwa ameshahama kitanda cha jirani na kuingia kifuani kwangu.

Simu za bucha zikakoma. Waislamu wenzangu wakasema mwenye nguruwe moyoni hawezi kuwachinjia. Wakristo nao, ambao nguruwe wanamla kila Jumapili, wakaniita Mzee Kitimoto. Nikasema, "Nimewekewa mshipa wa mguu wangu mwenyewe." Mmoja akanijibu, "Mguu na moyo wapi na wapi?" Na kovu lenyewe linapanda juu ya goti. Mtu mzima nivue nguo barabarani kuutetea moyo wangu? Nikanuna, nikajifungia ndani.

Kidonda nacho kilikataa kufunga pale gotini. Muuguzi mmoja wa hapa, mama wa kanisani, alikuwa anakuja nyumbani kunisafisha, na barua ya daktari wa India akaisoma yote. Alikuwa mtu wa kwanza kutoniuliza habari za nguruwe.

Binti yangu akajifungua. Siku ya akika ya mjukuu wangu wa kwanza nilivaa kanzu, nikanoa kisu, nikaenda. Nikakuta mchinjaji ameletwa kutoka Mbeya, mbuzi ameshalazwa. Mkwe wangu akainamisha macho. "Baba, usikasirike. Mimi najua, ila ni watu tu." Ni watu tu! Nawaambia kweli, kile kifua kilichoshonwa India kiliniuma kuliko siku waliyokipasua.

Nikasimama katikati ya ua, nikapandisha kanzu, nikafungua bandeji. Kina mama wakageuza nyuso. Nilikuwa nalia, sifichi. Yule muuguzi, naye alialikwa, akaja kando yangu akasema, "Mshipa ulitoka hapa. Barua nimeisoma mimi. Hakuna mnyama humu ndani." Mzee mmoja akaniuliza, "Sasa kwa nini hukusema?" Nikamwambia, "Nilisema." Akasema basi, yameisha. Wakaenda kula. Hakuna aliyeniomba radhi, siku ile wala leo.

Namshukuru kaka yangu. Namshukuru yule mama, ndaga fijo, mama. Namshukuru mke wangu, ambaye miezi yote ile alikuwa ananiletea kuku nimchinje uani, mkono wangu usisahau. Ninyi mnaokwenda kupasuliwa, msiogope, nendeni. Ila habari za kitanda cha jirani ziacheni hukohuko. Na ninyi mnaobaki, mtu akitoka hospitali muulizeni mwenyewe, kisha mmwamini.

Siku hizi mnaniita tena. Idd iliyopita nilichinja ng'ombe wenu wote, mkono bado mwepesi. Nilipokuwa naosha kisu, mmoja wenu akaniuliza kwa upole, "Vipi, ulishapona?"

Nikamjibu, "Mguu umepona."